Rangi inabanduka, ukuta unatoa chumvi: kutafuta chanzo kabla ya kununua ndoo nyingine

Hitilafu nyingi za rangi hazianzi kwenye rangi. Zinaanza na maji yanayopita ukutani, au na kitu kilichoachwa chini ya rangi: vumbi la msasa, chokaa ya zamani, plasta ambayo haijakauka. Ndiyo maana anayekimbilia ndoo ya bei kubwa zaidi ili kufunika ukuta uliobanduka hujikuta mwaka unaofuata anabandua tabaka mbili badala ya moja.

Mwongozo huu umepangwa kwa dalili. Tafuta ile unayoiona kwako. Chini ya kila moja, sababu zimeanzia ile inayokutwa mara nyingi hadi ile ya nadra, na vipimo vya bure vimetangulizwa. Nyumba inayozungumziwa ni ya kawaida ya Pwani: bloku za saruji, plasta, skimu (rojo la puti linalopakwa jembamba kulainisha plasta), dari ya jipsamu na paa la bati. Nyumba za mawe na chokaa za Unguja, Lamu na Mombasa zina maelezo yake chini ya dalili ya kwanza, kwa sababu tiba ya bloku huziharibu.

Vifaa vya kupimia havifiki hata bei ya kopo moja la rangi: wembe, selotepu pana, kipande cha nailoni cha sm 45 kwa 45, tochi, penseli, bisibisi yenye mpini mzito, kitambaa cheupe na chupa ndogo ya spiriti.

Mambo ambayo usiyaguse mwenyewe

Bati za asbesto, zile za kijivu, nzito, ambazo ukizigonga hazitoi sauti ya chuma, usizipige msasa, usizitoboe wala usizivunje. Vumbi lake likiingia mapafuni halitoki, na linaleta saratani. Acha zilivyo mpaka upate watu wenye vifaa vya kuziondoa.

Rangi ya mafuta ya miaka mingi kwenye milango na madirisha inaweza kuwa na madini ya risasi. Ikibidi kuikwangua, iloweshe kwanza na tumia msasa wa maji, kusanya mabaki yote kwenye nailoni, na watoto wadogo na mama wajawazito wasiwe ndani ya nyumba siku hiyo.

Ukuta wenye unyevu ukiwa na soketi au swichi, zima umeme kwenye swichi kuu kabla hujaukwangua. Ukigusa ukuta ukahisi mtetemo au ganzi mkononi, kazi imeishia hapo. Aitwe fundi umeme mwenye leseni.

Dalili ya 1: Sehemu ya chini ya ukuta ina unga mweupe, malengelenge, au rangi inavimba na kudondoka

Hili ndilo lalamiko namba moja ukanda wa bahari. Watu husema ukuta "unaliwa na chumvi", na ni kweli kiasi, ila chumvi haisafiri peke yake. Inabebwa na maji. Maji yakifika usoni mwa ukuta yanakauka, chumvi inabaki, inajenga fuwele nyuma ya rangi na kuisukuma nje. Ukikomesha maji, chumvi haina wa kuibeba.

Kwanza hakikisha unyevu unatoka wapi. Kwangua rangi sehemu ndogo, bandika ile nailoni ya sm 45 kwa selotepu pande zote nne bila kuacha upenyo, iache tangu asubuhi hadi asubuhi ya pili. Matone yakiwa upande wa ndani, unaotazama ukuta, maji yanatoka ukutani. Yakiwa upande wa nje, ni unyevu wa hewa ya chumbani, na tatizo lako ni la madirisha zaidi kuliko la ukuta.

Kisha angalia umbo la doa. Mstari wa usawa unaozunguka kuta nyingi, usiopanda zaidi ya mita moja au moja na kidogo, ni maji yanayopanda kutoka ardhini. Doa moja la duara, au lililo ukuta mmoja tu, ni bomba au bafu la upande wa pili. Doa linaloanzia juu na kushuka si la sehemu hii. Nenda dalili ya 5.

Sababu, kwa mpangilio wa kukutwa:

1. *Ardhi ya nje imepanda.* Nyumba ilijengwa vizuri, baadaye ukawekwa udongo wa bustani, kifusi au pavingi hadi kuficha DPC, ile nailoni nzito iliyolazwa juu ya msingi kuzuia maji ya ardhini yasipande. Toka nje upime: usawa wa ardhi au pavingi uwe chini ya DPC kwa sm 15 angalau. Kama DPC haionekani, tumia usawa wa sakafu ya ndani kama kipimo cha kukadiria. Angalia pia pavingi inateremkia wapi. Mwaga ndoo ya maji karibu na ukuta. Yakikimbilia nyumba badala ya kuikimbia, umepata chanzo.

2. *Bomba au bafu linavuja.* Funga bomba zote, soma mita ya maji, usitumie maji kwa saa mbili, soma tena. Namba ikiwa imesogea, kuna uvujaji upande wa bomba za kuingiza. Kama unatumia tenki, weka alama ya usawa wa maji usiku na uangalie alfajiri. Mita ikiwa haijasogea na doa liko nyuma ya bafu, shuku maungio ya vigae na shimo la sakafuni: kausheni bafu hilo siku tatu, mkaogee kwingine, muone kama doa linapungua.

3. *Chumvi ilijengewa ndani.* Mchanga wa ufukweni au maji ya kisima cha chumvi yalitumika kwenye bloku au plasta. Hapa unga mweupe hutokea hata juu ya ukuta, mbali na ardhi, na ukuta huonekana umelowa wakati wa masika hewa inapokuwa nzito.

4. *DPC haikuwekwa kabisa, au imechanika.* Usianze kuamini hili mpaka uwe umeondoa yale matatu ya mwanzo. Mafundi wengi hulitaja la kwanza kwa sababu ndilo lenye kazi kubwa ya kulipwa.

Tiba inafuata chanzo. Ardhi iliyopanda inashushwa, au inachimbwa mfereji kando ya ukuta, kisha linamwagwa zege la kuzunguka nyumba lenye upana wa sm 60 au zaidi, likiteremka kutoka ukutani sm 2 hadi 3 kwa kila mita. Bomba linatengenezwa. Baada ya hapo ndipo ukuta unatibiwa: piga plasta yote iliyoharibika hadi kwenye bloku, uvuke alama ya juu kabisa ya unyevu kwa sm 50, sugua kwa brashi kavu ya waya, ufagie chumvi na kuiondoa ndani ya nyumba. Usiuoshe ukuta kwa maji. Chumvi inayeyuka, inarudi ndani, halafu inatoka tena. Acha ukuta wazi ukauke, na rudia kipimo cha nailoni kila baada ya wiki mbili mpaka kisioneshe matone. Kwa ukuta uliolowa miaka mingi hilo huchukua miezi, na hakuna dawa ya kulifupisha.

Plasta mpya iwe ya saruji moja kwa mchanga nne, mchanga wa mtoni uliochekechwa, maji ya kunywa, pamoja na dawa ya kuzuia maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kifuko. Imwagilie siku 7. Subiri siku 28 kabla ya rangi.

Kuhusu zile dawa za kupaka juu ya ukuta zinazouzwa kuwa zinamaliza chumvi: kama maji bado yanaingia, zinaziba uso tu. Maji hupanda hadi pale dawa ilipoishia na doa linahamia juu zaidi. Kuweka vigae kwenye sehemu ya chini ya ukuta ili kuficha unyevu kunaleta matokeo yaleyale, ila sasa kuvunja kunagharimu zaidi.

*Nyumba ya mawe na chokaa.* Kuta za mawe ya matumbawe zilizojengwa kwa chokaa hazina DPC na hazikukusudiwa kuwa nayo. Zinanyonya maji na kuyatoa kwa hewa, na chokaa ndiyo inayoruhusu hilo. Ukizipiga plasta ya saruji na rangi ya plastiki unyevu unafungiwa ndani, chokaa ya katikati inageuka unga, na boriti za dari zinaozea ukutani. Tiba yake ni kuondoa saruji, kurudisha plasta ya chokaa, na kupaka chokaa au rangi inayopitisha hewa. Ndani ya Mji Mkongwe wa Unguja usianze hata kubandua plasta kabla ya kupata kibali cha Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe.

*Acha na uite mtaalamu:* bloku zinapukutika ukizikwaruza kwa bisibisi. Sakafu imetitia karibu na doa. Mita ya maji inaenda na huoni bomba linalovuja. Au maji yana harufu ya choo. La mwisho lisingoje wiki.

Dalili ya 2: Rangi inabanduka kwa vipande vikubwa, ukuta wenyewe ni mkavu

Chukua kipande kilichobanduka, kigeuze, uangalie mgongo wake. Hicho kipande ndicho shahidi wako.

Mgongo ukiwa na unga mweupe laini unaopaka vidole, rangi ilipakwa juu ya vumbi la msasa, juu ya skimu isiyopigwa praima (rangi ya kwanza ya kushikisha), au juu ya chokaa ya zamani. Ukiwa msafi na unang'aa, rangi ya maji ilipakwa juu ya rangi ya mafuta bila kusuguliwa. Ukiwa na tabaka za rangi za zamani zimeng'ang'ania, basi rangi mpya haina kosa: ile ya chini ndiyo iliyoachia ukuta.

Vumbi la msasa ndilo linaloongoza, na linaongoza kwa mbali. Skimu ikishapigwa msasa, ukuta unaonekana safi machoni. Pitisha kiganja: kikitoka cheupe, haupakwi. Fagia kwa brashi laini kuanzia juu, futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, acha ukauke, kisha praima. Fundi atakwambia rangi ya kwanza iliyozimuliwa na maji mengi inatosha kuwa praima. Kwenye ukuta uliokwisha kupakwa rangi nzima, sawa. Kwenye skimu mpya ya jipsamu haitoshi. Skimu inanyonya maji, inaiacha rangi juu ikiwa haina gundi ya kuishikilia.

Kujua kama rangi ya zamani ni ya maji au ya mafuta, lowesha kitambaa cheupe kwa spiriti usugue kwa nguvu nusu dakika. Rangi ya maji inalainika na kupaka kitambaa. Ya mafuta haitoki. Ikiwa ya mafuta, piga msasa namba 120 hadi 180 mpaka mng'ao wote uishe, futa vumbi, paka praima ya kushikia, ndipo rangi ya maji.

Kabla ya kukwangua chumba kizima, pima kama iliyobaki imeshika: kwa wembe chora alama ya X yenye urefu wa sm 4, bandika selotepu juu yake, ikandamize kwa kidole, kisha ivute kwa mkupuo. Fanya hivyo sehemu tano au sita, zikiwamo karibu na madirisha na juu ya milango. Palipotoka na rangi, pakwangue pote. Palipobaki, piga msasa kingo tu zisitoke ngazi.

Sababu ya nadra lakini mbaya ni plasta changa. Saruji mbichi ina ukali wa alkali unaoifanya rangi ya mafuta igeuke kama sabuni: inanata, inatoa utelezi, haikauki kamwe. Hakuna cha kuokoa hapo. Ondoa yote, subiri plasta ifikishe siku 28 au zaidi kama ni masika, tumia praima ya kuzuia alkali.

Dalili ya 3: Skimu yenyewe inadondoka, au inalainika ukiigusa

Sababu moja inatawala: puti ya jipsamu imetumika nje ya nyumba, bafuni au jikoni karibu na sinki. Jipsamu haistahimili maji. Kipimo chake ni kulowesha sehemu ndogo kwa sponji kwa dakika tano na kukwaruza kwa ukucha. Ikitoka kama uji, ni jipsamu, na inatoka yote. Hakuna rangi ya nje itakayoilinda. Nje na sehemu za maji tumia puti ya saruji nyeupe.

Sababu ya pili ni unene. Skimu inapigwa milimita 1 hadi 2 kwa tabaka. Ikionekana lazima upige sm 1 ili kunyoosha ukuta, ukuta huo unahitaji plasta, siyo skimu.

Gonga pia kwa mpini wa bisibisi. Sauti ya utupu ikizidi eneo la mlango mmoja, plasta imeachia bloku; ivunje kwa utaratibu kuanzia juu, usisubiri iangukie watoto.

Dalili ya 4: Madoa meusi au ya kijani, hasa pembeni mwa dari, bafuni na nyuma ya kabati

Ni ukungu au ni masizi? Dondoshea tone la Jik (dawa ya klorini ya kung'arisha nguo). Doa likififia ndani ya dakika moja au mbili, ni ukungu. Likibaki vilevile, ni masizi ya jiko au uchafu, na dawa yake ni maji ya sabuni.

Ukungu unataka hewa iliyosimama, kivuli na unyevu. Chanzo cha kawaida ni bafu lenye dirisha linalofungwa siku zote. Kinachofuata ni kabati lililosukumwa hadi kugusa ukuta wa nje. Livute lipishe sm 5 hewa ipite. Kama madoa yako kwenye pembe moja tu ya dari, panda uangalie bati na mfereji wa maji ya mvua kabla ya kununua dawa yoyote.

Kusafisha: Jik sehemu moja kwa maji sehemu tatu, glavu na miwani, madirisha wazi. Paka, acha dakika 15, sugua, suuza, acha ukauke kabisa. Rangi iwe ya aina yenye dawa ya kuzuia ukungu. Usichanganye Jik na dawa ya choo yenye asidi wala na amonia. Gesi inayotoka inaweza kuua ndani ya bafu dogo. Ukungu ukipakiwa rangi ukiwa hai, unaendelea kukua chini yake na kutokeza juu wiki chache baadaye.

Dalili ya 5: Doa la rangi ya chai kwenye dari au juu ya ukuta

Usipake. Doa hili linatoboa rangi ya maji hata ukipiga mikono (tabaka) mitano, kwa sababu maji ya rangi yanaliyeyusha na kulipandisha juu.

Panda darini mchana kwa tochi, kwanza ukiwa umeizima: tundu la bati linajionyesha lenyewe kwa mwanga. Kanyaga mbao tu, kamwe usikanyage jipsamu. Fuata njia ya maji kwenye mbao, kwa kuwa mara nyingi yanaingia mita moja au mbili mbali na doa. Msumari wa bati uliolegea au uliopoteza mpira wake ndio wa kwanza kushukiwa. Halafu mfereji wa mvua uliozibwa na majani, maungio ya bati yaliyolaliana kidogo, na pale bati linapokutana na ukuta uliopanda. Kama kuna kiyoyozi au tenki juu ya doa, anza na hilo.

Baada ya kuziba, ngoja mvua nzito moja ipite, au mtu amwage maji kwa mpira juu ya paa, sehemu moja moja kuanzia chini kwenda juu. Dari ikibaki kavu, paka doa praima ya mafuta ya kuzuia madoa, mkono mmoja ukivuka kingo za doa kwa sm 10, kisha rangi ya dari. Jipsamu iliyobonyea haipakwi, inakatwa na kubadilishwa.

*Acha:* dari imetuna na kushika maji, au doa limefika kwenye taa. Zima umeme, usisimame chini yake. Kupanda juu ya bati lenye kutu si kazi ya mtu wa mara ya kwanza, wala ya mtu aliye peke yake nyumbani.

Dalili ya 6: Nyufa

Chukua kadi ya benki. Unene wake ni karibu milimita 0.8. Jaribu kuiingiza kwenye ufa bila kulazimisha.

*Kadi haiingii, na nyufa zimesambaa kama ramani.* Plasta ilikauka haraka, haikumwagiliwa, au iliwekwa saruji nyingi. Haina madhara kwa jengo. Futa vumbi, jaza kwa puti laini, praima, rangi. Nje, rangi nene yenye kunyumbulika inazifunika.

*Ufa mmoja ulionyooka, unaofuata nguzo, linta (boriti ya juu ya mlango au dirisha) au mfereji wa nyaya.* Zege na bloku havitanuki sawa kwenye joto, kwa hiyo puti peke yake itapasuka tena. Kata plasta sm 15 kila upande wa ufa, pigilia wavu wa kuku, rudishia plasta. Kwa ufa mwembamba ndani ya nyumba, ufungue umbo la V hadi mm 5, ufagie, ujaze kwa siilanti ya akriliki. Siyo silikoni: silikoni haishiki rangi.

*Ufa wa mshazari kutoka kona ya dirisha, au unaopanda ngazi ngazi kwenye maungio ya bloku.* Hapo msingi unaweza kuwa unatembea. Kwenye udongo mweusi wa mbuga, unaovimba masika na kusinyaa kiangazi, ufa hufunguka na kufumba kwa msimu. Chora mistari miwili ya penseli kuvuka ufa, andika tarehe na upana kwenye ncha zote mbili, pima kila mwezi kwa miezi isiyopungua mitatu. Usiuzibe kabla ya hapo, utakuwa umefuta ushahidi.

*Simamisha ukarabati wote na uite mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi* ukikuta lolote kati ya haya: ufa unapita pande zote mbili za ukuta na kuzidi mm 5, unaongezeka kila mwezi, mlango au dirisha limeanza kukwama ghafla, au zege la nguzo, boriti au slabu linapasuka sambamba na nondo huku likitoa kutu nyekundu. Hilo la kutu ni ugonjwa wa karibu na bahari. Nondo ikila kutu inavimba na kulipasua zege kutoka ndani, na kulipaka plasta juu ni kuficha tu. Vilevile, ukitaka kuondoa ukuta ili kuunganisha sebule na jiko, usipige nyundo hata moja kabla mhandisi hajasema ukuta huo umebeba nini.

Dalili ya 7: Mabaka, alama za rola, rangi haifuniki

Huku hakuna hatari, kuna hasira tu.

Mara nyingi rangi imezimuliwa kupita kiasi. Piga hesabu: chumba cha mita 3.6 kwa 3.6 chenye kimo cha mita 2.7 kina mita za mraba 39 za ukuta. Toa mlango na dirisha, zinabaki kama 35. Mikono miwili ni 70. Lita moja ya rangi nzuri ya maji inafunika mita za mraba 10 hivi kwenye ukuta laini, na 6 hadi 8 kwenye ukuta wenye chembe. Kwa hiyo chumba hiki kinahitaji lita 7, yaani makopo mawili ya lita 4. Fundi akikimaliza kwa kopo moja, ulichopakiwa ni maji. Mkono wa mwisho usizidi maji asilimia 5 hadi 10, au ilivyoandikwa kwenye kopo.

Mabaka yenye umbo la viraka vya puti yanatokana na viraka kutopigwa praima: vinanyonya zaidi na kufa mng'ao. Paka praima viraka vyote, kisha mkono mmoja ukuta mzima. Kugusagusa mahali pamoja kwenye rangi ya silki hakufichiki. Paka kutoka kona hadi kona.

Mistari ya rola inatokea pale ulipopumzika katikati ya ukuta kingo zikakauka. Watu wawili, mmoja brashi kwenye kona, mmoja rola nyuma yake, na ukuta usiachwe nusu. Manyoya ya rola yawe mm 10 hadi 12 kwa ukuta laini, mm 18 au zaidi kwa wenye chembe. Nje, kimbia jua: asubuhi paka ukuta wa magharibi, alasiri wa mashariki. Rangi kwenye ukuta wa moto inakauka kabla haijashika, inatoa mapovu.

Kama makopo mawili yanatofautiana rangi, chelewa kabla ya kurudi dukani kugomba. Yamimine yote kwenye ndoo moja ya lita 20, koroga mpaka chini kabisa, na ufanye hivyo tangu mwanzo kwa rangi yoyote iliyochanganywa kwa mashine. Hifadhi kibandiko chenye namba ya mchanganyiko. Nyekundu na njano kali hufunika vibaya kwa asili yake. Anza na mkono mmoja wa rangi ya chini iliyotiwa kijivu.

Dalili ya 8: Rangi ya mafuta bado inanata, kutu inarudi kwenye grili

Siku mbili zimepita na mlango unanata? Uliza ilizimuliwa kwa nini. Mafuta ya taa ndiyo jibu la kawaida, kwa sababu ni ya bei rahisi kuliko tina (kizimulio cha rangi ya mafuta), na yanaacha ulaini usioisha. Petroli inakauka upesi lakini inaua mng'ao na inaweza kuwasha nyumba. Sababu nyingine ni mkono mnene mno, au mkono wa pili kupakwa kabla ya saa 16 hadi 24. Fungua madirisha, ipe wiki moja. Ikiendelea kunata, ikwangue, futa kwa tina, anza upya kwa tabaka nyembamba.

Kwenye grili, kutu hurudi kwa sababu ilipakiwa rangi juu, na upepo wa bahari unamalizia. Sugua kwa brashi ya waya na msasa namba 80 hadi chuma kionekane, hasa kwenye maungio ya kuchomelea na sehemu ya chini inayokaa maji. Osha kwa maji ya bomba kutoa chumvi, kausha, paka redoksaidi (praima ya kuzuia kutu) siku hiyohiyo. Chuma kilichosuguliwa kikilala usiku mmoja karibu na bahari kinaamka na kutu. Kisha mikono miwili ya rangi ya mafuta. Bomba au bati jipya lenye zinki halishiki rangi hiyo moja kwa moja, linataka praima yake ya kushika zinki.

Tina isifunguliwe karibu na jiko la mkaa, gesi au sigara. Matambara yaliyolowa rangi ya mafuta au mafuta ya mbao yatandazwe nje yakauke moja moja. Yakirundikwa ndani ya ndoo yanaweza kupata joto na kujiwasha yenyewe.